Pipa Lililonusa

Mwonjaji alijua kuna kasoro pale glasi ilipopata ukungu kwa ndani.

Ilikuwa saa tano asubuhi, wakati ambapo ulimi uko macho na tumbo halijaanza kudai chakula. Chumba cha kuonjea kilikuwa na meza nyeupe, dirisha kubwa, jagi la maji na ndoo ya kutemea. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa hiyo. Kampuni inanunua pipa moja moja la wiski kutoka Uskochi. Yeye ananusa, anaonja, anatema, anaandika. Akikubali, pipa linatiwa chupani peke yake, bila kuchanganywa na jingine. Hakuwa mnywaji. Mkewe alizoea kuwatania majirani kwamba yeye ameolewa na mbwa wa polisi.

Pipa la siku hiyo lilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Aliandika daftarini: *Rangi: asali iliyokaa. Pua: zabibu kavu, ngozi ya kiatu, moshi wa mbali.* Akainamisha pua tena kutafuta kilichojificha nyuma ya moshi. Hapo ndipo ukungu ukapanda ndani ya glasi, ukatanda, ukafutika, ukatanda tena. Kama mtu anayepumua.

"Baridi tu hii," alijiambia, akaonja. Wiski ikateremka kooni yenyewe kabla hajakumbuka ndoo.

Mchana, mtunza ghala alimjia. Alikuwa mzee mwembamba ambaye wote walimwita Kipimo, kwa sababu ya ile fimbo yake ya kupimia mapipa.

"Lile pipa limepungua," alinong'ona.

"Mapipa yote hupungua, mzee wangu. Si ndilo fungu la malaika?" Ndivyo walivyokiita kiasi kinachopotea hewani mwaka hadi mwaka.

"Malaika wana adabu. Hawa wamemaliza debe zima tangu asubuhi, na sakafu ni kavu." Kipimo aligeuka kutazama nyuma yake. "Nimetega sikio. Linavuta pumzi, mwanangu. Linavuta, halitoi."

Mwonjaji akacheka, ila kicheko chenyewe hakikufika machoni.

Kesho yake alifungua daftari, akakuta chini ya maneno yake kuna mengine. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

*Mwanamume, miaka hamsini na mitatu. Pua: sabuni ya mche, karatasi, woga kidogo. Ulimi: chumvi. Mwisho: mrefu.*

Katika kazi yao, mwisho ni ule muda ambao ladha inabaki kooni baada ya kumeza. Alikwisha kuliandika neno hilo mara elfu na zaidi, na halikuwahi kumtisha. Akachana ukurasa, akautia mfukoni, asimwambie mtu.

Jioni, alikuwa sebuleni akifungua kamba za viatu, mkewe akatokea jikoni, mikono imejaa povu.

"We baba watoto, vipi leo? Unaninusa kama nguo ya mtumba?"

"Nani amekunusa?"

"Wewe! Shingoni hapa, sasa hivi, nilipokupa mgongo naosha vyombo. Na pumzi yenyewe ya baridi."

Mwonjaji alitazama kiatu kimoja kilichokuwa bado mguuni. Hakuwa amekanyaga jikoni.

Asubuhi iliyofuata alifika kazini mapema na kulifungua daftari akiwa bado amesimama.

*Mwanamke, miaka arobaini na tisa. Pua: mafuta ya nywele, kitunguu, kicheko. Ulimi: mtamu. Mwisho: mfupi.*

Alitoka mbio bila kufunga mlango, akampita bosi aliyekuwa akimwambia kwamba chupa zote zijazwe Ijumaa, akavuka barabara bila kutazama magari, akapanda ngazi za nyumba yao mbili mbili huku moyo ukimpiga kama mtwangio, na alipousukuma mlango wa chumbani akamkuta mkewe amelala chali, midomo imepasuka, mashavu yamebonyea ndani, ngozi imekauka kama ya mtu anayenyweka taratibu kwa mrija asiouona.

"Kiu," alisema mkewe kwa sauti ya kukwaruza. "Na kila nikivuta pumzi, kuna mtu anaiwahi."

Daktari alikuja, akapima, akatikisa kichwa, akaacha chupa ya maji ya kutundikiwa mshipani ambayo haikusaidia kitu. Kipimo ndiye aliyemleta shangazi yake. Alikuwa mganga, mama mnene mwenye miwani na mkoba wa ngozi, aliyefika ghalani saa saba mchana na kuomba kiti kwanza, maana magoti yalimsumbua. Aliketi mbele ya pipa, Mwonjaji akiwa kando yake, akaligonga mara tatu.

"Hodi. Wewe ni nani?"

Sauti ilitokea kooni mwa Mwonjaji, na mdomo wake ulikuwa umefumba.

"Mwenye nyumba. Nilikuwa nimelala. Huyu akanichungulia, akaninusa, akanimeza bila hodi. Sasa ni zamu yangu kuonja."

"Amekosa, ila mkewe hakukukosea. Mwachilie, uchukue kingine."

Mapipa mengine yalianza kulialia kwenye pete zake za chuma, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa safu.

"Nipe kile alichonifungulia mlango," ilisema sauti.

Mganga alimgeukia Mwonjaji. "Umeelewa, mwanangu? Ukikitoa, hakirudi."

Mwonjaji alipiga magoti, akang'oa kizibo, akaiweka pua yake juu ya tundu na kutoa pumzi, na ilipotoka aliona imebeba kila kitu kwa mpigo: mvua ya kwanza juu ya vumbi, daftari jipya la shule, shuka la mama yake lililoanikwa juani, utosi wa mtoto wake wa kwanza saa moja baada ya kuzaliwa, moshi, zabibu, ngozi, na nyuma kabisa, aliyoing'ang'ania hadi ikamponyoka, harufu ya mafuta ya nywele kwenye mto wa upande wa pili wa kitanda.

Pipa likashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyeshiba. Kipimo akaruka na nyundo, akakigongomea kizibo.

"Msilimwage, wala msilitie chupani," alisema mganga akijifuta jasho. "Lirudi zima lilikotoka." Bosi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, hakuitaja Ijumaa tena.

Jioni hiyo mkewe aliomba maji, akanywa glasi nne, akaomba na uji. Mwonjaji alimwambia tu kwamba pipa linarudishwa.

Siku ya sita mkewe alisimama jikoni kwa miguu yake. Alimwita mumewe, akafunua sufuria.

"Njoo unuse, mtaalamu. Uniambie kimepungua nini."

Aliinama juu ya mvuke. Ulimgusa uso, wa moto, na haukuwa na chochote.

"Hakijapungua kitu," alisema. "Kinanukia vizuri sana."

Mkewe alibaki ameshika kifuniko, akimtazama.

"Baba watoto," alisema polepole, "haya ni maji matupu. Sijatia kitu bado."

Akazima jiko. Akaushika uso wa mumewe kwa mikono miwili, akauinamisha begani kwake, na hakumuuliza neno mpaka alipomaliza kulia.