Vidole Vinne Juu ya Kibao

Mkono ndio ulionipeleka kwa fundi jioni ile. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba, na kila nilipokunja vidole nilihisi kama sindano inapita kutoka kwenye gumba hadi kiwikoni. Kazi yangu ni kusafisha picha katika studio ya Mjomba. Naondoa chunusi, nanyoosha kola, nawapa watu meno meupe kuliko waliyojaliwa. Kutwa nzima mkono uko juu ya kipanya, unasukuma na kubofya. Daktari alinieleza waziwazi: achana na kipanya, tafuta kibao cha kugusa. Unatelezesha vidole juu ya kioo, basi. Mkono unapumzika.

Fundi wa kompyuta alikuwa na kibanda nyuma ya duka la viatu. Nilimkuta anashusha mlango. Jua lilikuwa limezama na taa za barabarani zilikuwa bado hazijawaka. Nilipomweleza shida yangu, aliangalia chini ya meza yake.

"Kipo kimoja," akasema. "Kizima kabisa."

Hakukishika. Alikiviringisha kwa tambara, akakisukuma mezani mpaka kwangu. Kioo cheusi, chembamba, kipana kama sahani ya mraba, na waya wake.

"Mbona kama unakiogopa, fundi?"

"Kina mafuta ya mikono ya watu," akajibu. "Kifute kwanza."

Kilinuka dawa ya kuchua, ile kali inayopanda hadi machoni. Sikushangaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejipaka dawa kama hiyo wiki nzima. Nilidhani ni mkono wangu.

Badala ya kwenda nyumbani nilirudi studio. Picha za harusi ya mdogo wangu zilikuwa bado zinanisubiri, na nilikuwa nimemwahidi albamu kabla hajachoka kuitwa bibi harusi. Mjomba alikuwa chumba cha mbele, anakunja pazia la kupigia picha. Aliponiona nachomoa waya wa kipanya alicheka.

"Leo unamfukuza panya. Kesho utatuletea paka."

"Kesho nitakuletea bili ya daktari, Mjomba."

Alicheka tena, akaendelea na pazia lake.

Niseme ukweli, kile kibao kilinifurahisha. Ukitanua vidole viwili, picha inakua. Ukivizungusha, picha inageuka. Ukitelezesha vitatu, unahamia picha nyingine. Mkono haukuuma hata kidogo. Nilifungua picha kubwa ya mdogo wangu, ile aliyokaa peke yake karibu na dirisha, ameinua kidevu, anajizuia kucheka. Mimi ndiye niliyemlea baada ya mama kuondoka. Nilimfahamu mpaka kovu dogo la nyusi. Nikaanza kumwondolea ung'avu wa jasho kwenye paji la uso, taratibu.

Picha ikakua.

Sikuwa nimeikuza mimi. Ilisogea yenyewe mpaka jicho lake la kushoto likajaa skrini nzima. Nikadhani gumba langu limegusa kioo bila mimi kujua. Nikairudisha.

Ikakua tena. Jicho lilelile.

Nikainua mkono wangu, nikaushikilia hewani. Jicho lilibaki pale, kubwa kama dirisha. Kisha kishale cha kwenye skrini kikaanza kutembea. Hakikuruka ovyo kama kifaa kibovu. Kilitembea kwa utulivu, kikafuata ukingo wa kope, kama mtu anayejua kazi.

Kuna ukurasa wa majaribio kwenye kompyuta. Ukiufungua, unakuonyesha kibao kinahisi nini: kila kidole kinachogusa kioo kinatokea kama kitone cheupe. Niliufungua kando ya picha. Nikaweka vidole vyangu viwili.

Vitone sita.

Nikaondoa mkono.

Vikabaki vinne.

Nilifuta kioo kwa upindo wa blauzi, nikisugua kwa nguvu. Nilijiambia ni mafuta, ni unyevu, ni ubovu. Vitone havikuondoka. Vilikuwa vimejipanga kama mkono wa kushoto ulivyo: gumba kulia, kisha vidole vikipanda na kushuka. Ila kati ya cha katikati na cha mwisho palikuwa na nafasi tupu. Kidole cha pete hakikuwepo.

Na harufu... Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa imejaa chumbani. Ndipo nikakumbuka kwamba yangu iliisha juzi, na chupa nilikwisha kuitupa.

"Mjomba," nikaita. Sauti haikutoka vizuri.

Kwenye picha, kope ya mdogo wangu ilikuwa inashuka. Kishale kilichukua ngozi ya juu ya jicho, kikaivuta chini kidogokidogo, kikalainisha, kikavuta tena. Kazi safi. Hata mimi nisingeifanya vizuri hivyo. Nikajaribu kurudisha nyuma, nikabonyeza kila kitufe ninachokijua. Jicho likafumba.

Simu ikalia.

"Dada." Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa anacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuogopa. "Una ile dawa ya macho? Jicho langu moja limegoma kufunguka."

Nilikandamiza simu sikioni.

"Lipi?"

"La kushoto. Nilikuwa naosha vyombo, nikahisi kama mtu ananishika kope. Shemeji yako anasema ni sabuni."

"Linauma?"

"Haliumi. Ni kama... kama kuna kidole kimelala juu yake. Kidole cha moto."

Kwenye skrini, picha ilitelezea upande. Jicho la kulia likaja katikati.

"Dada? Mbona kimya?"

Niliushika waya wa kibao, nikauchomoa. Nilifanya hivyo kwa nguvu mpaka kikombe kikaanguka. Waya ulikuwa mkononi mwangu, ncha yake inaning'inia. Vitone vinne vilikuwa bado vinang'aa kwenye skrini.

Kishale hakikusimama.

"Dada," mdogo wangu akanong'ona. Hakucheka tena. "Na la pili linaanza."

Sijui nilifikiri nini. Labda sikufikiri. Niliweka simu mezani ikiwa kwenye spika, nikachomeka kipanya, nikakishika kwa ule mkono wangu mbovu. Kishale kilisita. Nikakivuta kwenda juu. Kikavutwa kwenda chini. Maumivu yalipanda mpaka begani, na kope ya mdogo wangu ikaendelea kushuka, ikaacha ufa mwembamba tu wa jicho.

Ndipo nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya kibao. Kiganja kizima.

Kioo hakikuwa baridi. Chini ya kiganja changu palikuwa na kitu. Sikukiona, na sitaki kutia chumvi: juu ya kibao palikuwa na mkono wangu peke yake. Lakini nilihisi ngozi. Ngozi kavu, ya moto, iliyolegea kwenye vifundo kama ya mtu mzima aliyechoka. Ilijikunja chini yangu, ikajaribu kutoka. Nikaikandamiza. Nilihisi gumba lake likinitekenya upande wa kiganja, polepole, kama linavyofanya la mtu anayekuomba umwachie.

Sikumwachia.

Kwa mkono wa kulia niliipandisha kope, nikilia, nikiuma midomo. Kidogo, halafu kidogo tena. Jicho la kulia likafunguka. Nikalihifadhi.

"Naona," sauti ya mdogo wangu ikasema kutoka kwenye simu. "Dada, naona kwa hili moja."

Lile la kushoto halikuwa na kitu cha kufungua. Palikuwa na ngozi tupu, imelainishwa, kama pasipowahi kuwa na jicho. Nilifungua picha nyingine za harusi ili nichukue jicho lake kutoka huko. Kwenye meza ya keki, la kushoto limefumba. Akishuka garini, limefumba. Zote. Chini ya kiganja changu vile vidole vilikuwa vinapata nguvu.

Kulikuwa na picha moja tu ya uso kama wake kwenye ile kompyuta. Yangu. Mjomba aliwahi kunipiga ili kujaribu taa mpya. Watu hutuchanganya tangu utotoni, mimi na mdogo wangu, macho yetu ni yaleyale. Nikakata jicho langu la kushoto. Nikalipeleka kwenye uso wake, nikalipachika, nikalainisha pembezoni, nikahifadhi.

Kwenye simu nilimsikia akivuta pumzi.

"Limefunguka," akasema.

Na chini ya kiganja changu pakawa na kioo tu. Baridi.

Mjomba alinikuta hivyo, mkono mmoja umekandamiza kibao kilichochomolewa waya, mwingine umeng'ang'ania kipanya, machozi yananitiririka. Hakutania. Alinusa hewa, akaangalia waya sakafuni, akaangalia skrini. Ukurasa wa majaribio ulikuwa unaonyesha alama ya kiganja changu, pana na nyeupe. Pembeni yake, kwenye ukingo kabisa wa kioo, kitone kimoja kilikuwa kinafifia.

"Nani mwingine alikuwa humu?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nilimwonyesha kile kitone.

Asubuhi tulikwenda wote wawili kwa fundi, kibao kikiwa ndani ya mfuko. Alipotuona hakukana. Alituwekea viti, akakaa akitazama mikono yake.

"Ni cha mama mkwe wangu," akasema. "Alikuwa anafanya kazi kama yako. Picha. Kidole kimoja kilikatwa na mashine ya kukatia karatasi, lakini alikuwa hodari kuliko wenye kumi."

"Alikufa?" Mjomba akauliza.

"Hajafa. Ingekuwa nafuu." Alijifuta uso. "Alilala mchana mmoja, akashindwa kufungua macho. Mpaka leo yuko kitandani nyumbani kwangu. Haongei, haoni. Madaktari wamechoka. Ila mkono wake wa kushoto haulali. Unatembea juu ya shuka kutwa. Unatanua vidole, unakusanya, unabofya. Mke wangu anampaka dawa kila jioni ili usichoke."

Nilijikuta nimeficha mikono yangu kwapani.

"Majirani walimwita mchawi," fundi akaendelea. "Walisema akimchukia mtu, alimfumba macho kwenye picha, na mtu huyo hakuona tena. Mimi sikuwahi kuona jambo kama hilo. Mke wangu ana maneno mengine. Anasema mama yake hafumbi watu kwa chuki. Anayatafuta macho yake, anajaribu ya watu, moja baada ya lingine."

"Na wewe unaamini lipi?" nikamuuliza.

Alivuta tambara lake mezani.

"Mimi nilitaka tu kitoke nyumbani kwangu. Nisamehe, dada yangu. Nilidhani kikiwa mbali naye kitakuwa kifaa tu." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Jana jioni mkono wake ulisimama. Mke wangu alisema ulikuwa umebanwa kitandani, kama mtu ameukalia. Ukawa na alama nyekundu za vidole vitano. Tangu hapo haujasogea."

Alikichukua kibao kwa tambara. Nyuma ya kibanda alikivunja kwa nyundo mbele yetu, na vipande akavitia kwenye ndoo. Mjomba aliniambia nisiangalie nyuma tukiondoka, nami sikuangalia.

Nimerudi kwenye kipanya. Kifundo kinaniuma, nakifunga bandeji, naendelea. Mdogo wangu ni mzima. Anapika, anagombana na mumewe, anacheka. Ukimtazama huoni tofauti yoyote, isipokuwa ukikaa naye sana. Jicho lake la kushoto huchelewa kidogo. Akiangalia mlango, jicho moja linafika mlangoni, jingine linakuwa bado linasoma kitu kilicho karibu, kwenda na kurudi, kama linavyofanya jicho la mtu aliye mbele ya skrini.

Sikumuuliza. Nilikuwa naogopa kujua.

Jana alikuja studio mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasubiri Mjomba atoke nje. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Dada, nikifunga hili, jingine halinionyeshi nilipo," akanong'ona. "Linanionyesha kazi yako. Nikiwa jikoni naona meza yako. Naona kila unachokiona wewe."

Nilimshika bega. Nilimwambia itapita. Nilimwambia ni uchovu, nikasema maneno yote ambayo dada mkubwa husema.

Alitikisa kichwa.

"Sijaja kwa hilo. Nimezoea." Alisogea karibu, akaitazama meza yangu: kipanya, kibodi, kikombe kipya, na pale upande wa kushoto pasipo na kitu. Jicho lake la kushoto lilitulia hapo. "Nataka uniambie jambo moja tu. Ukifanya kazi, mkono mmoja uko juu ya kipanya. Wa pili uko kwenye kibodi."

"Ndiyo."

"Huu wa tatu ni wa nani?"