Kiambatisho C: Maji ya Kunywa

YAH: MAREKEBISHO YA TATU YA KIAMBATISHO C (MAJI YA KUNYWA), MPANGO WA SAFARI YA KUKUSANYA MAWE JANGWANI.

Ndivyo jalada lilivyoandikwa, na anayeijua ofisi anajua kwamba jambo likifika marekebisho ya tatu, kilichobaki ni kuliitishia kamati. Safari yenyewe ilikuwa ya watu watano, siku nne na gari moja. Lengo lilikuwa kuokota mawe mazuri kwa ajili ya chumba kipya cha maonyesho. Kiambatisho A kilihusu nyundo, B kilihusu mahema, na hakuna aliyevisoma. Kilichomkosesha raha katibu wa idara ni C. Mtunza mawe, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kukosea hesabu, alikuwa ameomba lita mia nne za maji. Aliporudishiwa fomu ili apunguze, akaandika mia tisa. Aliporudishiwa tena akaandika elfu nne, kwa mwandiko uleule wa kutulia, wakati gari lenyewe halibebi zaidi ya tani moja. Karatasi ilifika mezani kwa katibu ikiwa na mchanga kwenye mkunjo.

Katibu aliupuliza mchanga, akagonga muhuri wa "Imepokelewa", kisha akampigia simu mke wa mtunza mawe. Alimwita shemeji, ingawa undugu wao ulikuwa wa kusalimiana kwenye sherehe za kazini tu. Akamuuliza kwa upole kama nyumbani ni shwari. Mke, ambaye alikuwa muuguzi na hakuwa na tabia ya kuzungusha maneno, alijibu kwa sauti ya chini kwamba si shwari hata kidogo.

Ilianza wiki mbili nyuma, mumewe aliporudi kutoka kukagua njia ya hiyo safari. Huko jangwani, kwenye mdomo wa kisima kilichokauka, aliokota jiwe la rangi ya majivu, kubwa kama yai, akalilamba. Asishangae mtu. Watu wa mawe wote hulamba. Jiwe lenye vumbi halisemi kitu mpaka lilowe, na jangwani hakuna anayemwagia jiwe maji ya kunywa, kwa hiyo ulimi ndio kifaa cha kwanza, kabla ya nyundo na kabla ya lenzi. Wakubwa huwafundisha wadogo hivyo, na hakuna mwongozo wa kazi unaokataza. Jiwe likatoa mistari ya buluu iliyokolea. Akafurahi, akaliandikisha namba 4417, akalifungia kabatini. Akarudi nyumbani ana kiu.

Siku ya kwanza alimaliza jagi. Siku ya nne alimaliza ndoo. Muuguzi alimbana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, kama anavyowafanyia wagonjwa wa kuhara, na ngozi ikasimama kama hema, haikurudi. Akampima sukari, ikawa sawa. Figo, sawa. Daktari wake akaandika "apumzike", dawa ambayo haijawahi kuisha ghalani. Kitu ambacho muuguzi aliona aibu kumwambia daktari ni kwamba pamoja na ndoo zote zile, mumewe alikuwa hajaenda haja ndogo tangu aliporudi.

Akawapeleka watoto kwa shangazi yao. Jumamosi saa saba mchana, jua likiwa kali na majirani wakisikika wakicheka upande wa pili wa ukuta, alisikia bafuni sauti ya kitu kikavu kinachomiminika, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia bila kukoma, akaenda taratibu, akausukuma mlango, akamkuta mumewe amepiga magoti amekumbatia bomba, kinywa chake kimeufunika mdomo wa bomba kama mtoto anyonyaye, macho wazi, koo halichezi, maana hakuwa anameza, maji yalikuwa yanaingia tu kama yanavyoingia ardhini, na chumba kizima kikinuka vumbi lililochomwa na jua la miaka, na alipomshika bega akamvuta, kinywa kikabaki wazi, na ndani yake ulimi ulikuwa umepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na nyuma ya ulimi, pale ambapo mtu ana koo, kulikuwa na giza refu lililokwenda chini, na chini kabisa upepo ulikuwa unavuma, na kutoka kwenye upepo huo, midomo ikiwa haijasogea, sauti isiyo ya mumewe ikasema:

"Bado."

Kisha mumewe mwenyewe akarudi machoni. Alilia, lakini hakuna kilichotoka. "Mama watoto," alinong'ona, "nakauka."

Mganga ambaye muuguzi alimwendea aliishi nyuma ya gereji, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama jiwe lililambwa. Alipoambiwa ndiyo, alitikisa kichwa. Huyo, alieleza, ni jini wa kisima. Kisima kilipokufa yeye alibaki na kiu, akalala ndani ya jiwe. Hampandi mtu kwa mkono wala kwa jicho, humpanda kwa mate, na mate akapewa. Jiwe lirudishwe pale lilipotoka kabla mgonjwa hajakauka wote. Na mwingine yeyote asilitie ulimi, maana jini atahamia kwake.

Muuguzi akauliza, akitazama sakafu, kama kuhama huko kungemwacha mumewe mzima.

Mganga alivua miwani. "Swali hilo liache hapahapa, mwanangu."

Njia ilionekana nyepesi. Jiwe lilitoka jangwani, na safari ya jangwani ilikuwa wiki ileile. Lakini fomu ya safari ilikuwa na safu ya mawe yatakayookotwa, haikuwa na safu ya mawe yatakayorudishwa, na mali iliyokwisha kupewa namba haitoki bila idhini. Katibu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuna kichwa robo saa nzima, akapendekeza iandikwe "ukusanyaji wa kuelekea nyuma". Hilo lingekuwa marekebisho ya nne. Kamati ikaitishwa Jumanne saa nne asubuhi, na hiyo idarani ilihesabiwa kuwa ni haraka ya ajabu. Muuguzi alimsihi ampe jiwe aondoke nalo tu.

"Shemeji, hata mimi naogopa," katibu alisema, akiutazama mlango. "Lakini kabati lina kufuli mbili, na ufunguo wa pili anao mwenyekiti."

Jumanne alimwingiza mumewe kikaoni kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amepungua kama nguo iliyoanuliwa. Kila alipovuta pumzi, kitu kilisugua kifuani mwake, na wajumbe wakasogeza viti bila kuangaliana. Mwenyekiti, ambaye idara nzima ilimwita Mzee Nyundo, alitoka kwenye nafasi yake akaja kumshika mtunza mawe mkono. Ndiye aliyemfundisha kazi. Akamtania kwamba jangwa limempenda kupita kiasi, akamwambia muuguzi asihofu, saini yake ipo tayari, na wakirudi yeye mwenyewe atastaafu akalee wajukuu. Kuhusu jini hakuwa ameambiwa lolote, kwa kuwa suala hilo halikuwa kwenye ajenda.

Wakafungua kikao. Wakathibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Wakajadili hema lililotoboka. Muuguzi alikuwa ameshika kifundo cha mkono cha mumewe, akihesabu mapigo, na mapigo yalikuwa yanaachana, moja, kimya, moja, kimya kirefu zaidi, na harufu ya vumbi la jua ikapanda chumbani mpaka mjumbe mmoja akaenda kufungua dirisha, na kichwa cha mumewe kikaanguka mbele, na katibu akasoma kwa sauti kifungu cha tisa, kwamba sampuli haitoki kabla mjumbe mwenye utaalamu hajathibitisha kuwa ndiyo yenyewe, na jiwe likaletwa likawekwa mbele ya mwenyekiti, la kijivu, limejaa vumbi, halionyeshi kitu.

Katibu akainama kuandika. Mzee Nyundo akalichukua jiwe, akaligeuzia kwenye mwanga.

Kumbukumbu za kikao, ukurasa wa tatu, zinasema hivi: "Mwenyekiti alihakiki sampuli namba 4417 kwa njia ya kawaida. Mtunza mawe alipata nafuu akiwa kikaoni, akatokwa na machozi, akatembea mwenyewe hadi mlangoni. Mwenyekiti aliomba maji mara sita. Safari imeahirishwa hadi mwenyekiti atakapoweza kutia saini."

Kilichotokea ni kwamba muuguzi aliuona mkono wa mzee ukipanda polepole na jiwe kuelekea kinywani, alikuwa karibu, alikuwa na muda wa kutosha wa kumzuia, na alinyamaza.