Jina la Tatu Daftarini

"Mlipanda watatu, binti. Mbona naona wawili?"

Don Evaristo, mlinzi wa hifadhi, aliweka kidole kwenye mstari wa Ijumaa. Ayelén hakuwa na haja ya kuusoma, maana aliuandika mwenyewe siku ile: Ayelén, Ciro wa miezi minane, na Ezequiel. Ciro alikuwa mgongoni, anatafuna kamba ya kofia yake bila habari na mtu.

"Baba mtoto yuko nyuma," alisema. "Anakuja."

Uongo ulimtoka hata hajaupima. Sasa angesema nini? Kwamba amelala siku mbili ndani ya hema na mtoto, peke yao, na kila jani lililoanguka nje alidhani ni hatua za mume wake? Kwamba Jumamosi asubuhi alipika chai ya yerba, akajaza kibuyu cha pili cha kunywea kwa mazoea, kikapoa mbele yake? Mwanamke ana aibu zake.

"Sawa," mzee alisema. "Tutamsubiri."

Kila Aprili, baridi inapoanza na majani ya miti ya lenga yanapogeuka mekundu mlima mzima, Ayelén na Ezequiel walipanda na hema lao. Walianza kabla ya ndoa. Lakini siku hizi Ezequiel alikuwa kwenye visima vya mafuta huko Neuquén, siku kumi na nne kazini, saba nyumbani. Mara ya mwisho aliporudi, Ciro aliziona zile ndevu akaangua kilio, akakataa kabisa kubebwa.

"Mtoto wako hanijui," Ezequiel alisema.

"Atakujuaje, na wewe ni mgeni kama wageni wengine?"

Jamani, neno lile lilimchoma. Aliondoka alfajiri bila kuaga. Wiki mbili kimya, kisha Alhamisi ukaja ujumbe: "Nitakuja mlimani kesho. Niandike daftarini."

Hakuweka hata neno la mpenzi. Na Ayelén alikuwa ameshamwona Magalí, yule mpishi wa kambini kwao, anavyomwaga mioyo chini ya kila picha ya Ezequiel mtandaoni. Mtu akiwa peke yake na mtoto kila siku, vitu vidogo hivyo hukaa moyoni na kupiga kelele.

Saa moja ikapita. Don Evaristo alitoka kutazama njia mara tatu. Mara ya nne alichukua redio.

"Leteni farasi watatu. Kuna mwanaume hajashuka."

Ayelén alisimama ghafla. "Don Evaristo, usiwaite!"

"Kwa nini?"

"Nimekudanganya. Hakuja. Tangu Ijumaa hakuja." Machozi yakaanza. "Nilimngoja nikachoka. Futa jina lake, nakuomba. Kaamua kukaa huko alikozoea."

Mzee hakumkemea. Alimsogezea kiti na kikombe cha maji.

"Umempigia?"

"Hapatikani. Tangu Ijumaa simu imezimwa. Mwanaume anazima simu kwa ajili gani? Wewe si mtoto, unajua."

"Mimi najua farasi na mvua. Jina likiingia humu, silifuti mpaka nimemwona mwenyewe kwa macho yangu. Umemwona mahali popote?"

"Sijamwona."

"Basi hata wewe hujui. Mlikubaliana mkutane wapi?"

"Zamani tulikuwa tunalala juu, ziwani. Mwaka huu niliogopa baridi kwa mtoto, nikapiga hema chini, darajani. Nilimwandikia."

"Akajibu nini?"

Ayelén alifungua simu. Ujumbe wake wa Ijumaa asubuhi ulikuwa pale: "Ziwani sifiki, mtoto ni mdogo. Nitakuwa darajani. Njoo." Tiki moja. Siku zote tatu alikuwa ameisoma tiki ile kama dharau, mtu aliyezima simu makusudi asimsikie.

"Hajaupata," alisema polepole.

"Kwa hiyo yeye anajua mko wapi?"

"Ziwani." Aligeuka kutazama mlimani. "Lakini angepita hapa kwako!"

"Anayetoka Neuquén basi humshusha upande ule wa pili. Kule hakuna kituo cha walinzi." Don Evaristo alikuwa tayari anavaa poncho lake la baridi. "Na jana kumeanguka theluji huko juu."

Farasi walipotoweka kwenye miti, Ayelén alibaki na mtoto na daftari. Tangu Ijumaa alikuwa akimlaani mume kwa kutokuja. Sasa aliomba awe kwa Magalí, awe popote pale, anacheka na yeyote, mradi yuko kwenye joto. Hakuwahi kujua kama angefika mahali pa kuomba ombi la namna hiyo. Ciro alilala, akaamka, akala ndizi, akalala tena.

Saa kumi na moja jioni alisikia kwato.

Ezequiel alikuwa juu ya farasi, midomo imepasuka kwa baridi, mguu umefungwa kati ya vipande viwili vya ubao. Ayelén alikimbia, na neno la kwanza kumtoka likawa la ajabu:

"Ndevu ziko wapi?"

"Nilinyoa," alijibu kwa sauti iliyokauka. "Ili mtoto asiniogope."

"Mjinga wewe!" Alikuwa analia na kumpiga paja la mguu usioumia. "Mjinga! Simu je?"

"Ilikufa chaji kwenye basi. Niliteleza Ijumaa hiyo hiyo, nikajikokota hadi kile kibanda cha wachungaji pale ziwani. Nikangoja. Nikasema, Aye kanichoka, hataki kunifuata huku juu."

"Mimi nilikuwa darajani nasema hivyo hivyo."

Wakatazamana. Saa mbili tu za kutembea kati yao, na kila mmoja alikuwa amejililia kivyake.

"Ila nilijua wataniletea farasi," Ezequiel alisema. "Nilikuambia uniandike. Hata ukinikasirikia vipi, ungeniandika."

Ayelén alimtazama Don Evaristo, na mzee akajifanya anafungua tandiko.

Walimshusha, wakamkalisha kwenye benchi. Ciro alimkazia macho yule mtu mwenye kidevu kipya, akakunja mdomo, akaangua kilio cha kusikika bonde zima. Uso wa Ezequiel ukasawijika.

"Bado hanijui."

"Hakujui," Ayelén alisema. "Mguu huo utakuweka nyumbani muda gani?"

"Miezi miwili. Labda mitatu."

"Basi mshike."

"Analia, Aye."

"Mwache alie. Mshike."

Akamshika. Mtoto alilia mpaka akachoka, akabaki na kwikwi, kisha mkono wake ukagusa vindevu vilivyoanza kuota. Akavikuna. Vikamshangaza. Akavikuna tena.

Don Evaristo alileta daftari na kalamu.

"Andika, binti. Wametoka wangapi?"

"Watatu," Ayelén alisema, akaandika.