Blanketi ya Mama Apolline

Mimi si mutu wa kuogopa ovyo. Siku ile lava ya volkano iliposhuka, Goma nzima ilikimbia, mimi nikarudi mtaani kwetu Majengo kuchukua kuku yangu. Uliza yeyote.

Basi Jumanne moja, jua zuri, dada yangu Henriette alikuwa anafua nguo. Mutoto wake Élodie, miaka sita, akaja akijikuna. Begani, madoa mekundu matatu, mstari mmoja.

"Kunguni hao," nikasema. "Wanakula wakitembea, kama wewe kwenye matanga."

"Ebu nyamaza, kaka! Nani anajuaga sahani za matanga kukushinda?"

Tulicheka. Kisha akashusha sauti. "Nilifungua kile kifurushi cha mama mukwe."

Kicheko kikanikauka. Mama mukwe wake, Apolline, alikuwa na wiki tatu kaburini. Kwetu, vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka misa ya siku arobaini. Lakini mutoto alikuwa anakohoa kwa baridi, naye Henriette akamfunika blanketi ya koko, huyo bibi yake marehemu.

Tukamupeleka zahanati, kwa muganga Honoré. Hakushangaa. "Kunguni, joto, sabuni kali, vyote vinaleta madoa. Chemsheni blanketi, muianike juani. Mumukate kucha. Na mukandamize glasi juu ya doa. Likififia, mutulie. Likikataa, damu imevuja chini ya ngozi. Mumulete mbio."

Tukakandamiza. Yakafifia. Blanketi tukaichemsha mpaka ikabadilika rangi.

Kesho yake, saa sita mchana, madoa yalikuwa matano. Si mstari tena. Manne mgongoni, moja mbele ya bega.

Nikaweka mukono wangu juu yake. Yalikaa sawasawa na vidole.

Glasi. Hayakufifia.

Tulikimbia. Honoré akamtundikia chupa ya serumu, sindano mukononi. Mutoto alikuwa anawaka kama jiko.

"Mjomba," akanong'ona. "Koko ananishika."

"Anataka nini, mama?"

"Anasikia baridi."

Nilibeba blanketi mimi mwenyewe mpaka makaburini. Nikaitandaza juu ya udongo. Sikugeuka nyuma.

Niliporudi, Henriette alikuwa amekaa chini, kilemba mkononi. Hakulia. Nikajua.

Élodie tulimzika Ijumaa, pembeni ya koko yake. Blanketi haikuwa pale tena.

Ile glasi iko kwangu. Nimeiosha kwa majivu, kwa maji ya moto. Ina madoa matano mekundu. Nayakandamiza kwa kidole kila siku, hayafifii.

Yako ndani ya kioo chenyewe, kama damu chini ya ngozi.