Mgeni wa Mpiga Pasi

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, hata wifi yake hakuligundua. Mpiga Pasi alikuwa akimsimulia wifi huyo, kwa mara isiyo na hesabu, siku aliyokutana na Chiriku ana kwa ana. Alipofika kwenye shati akasema, "Lilikuwa la buluu."

Mumewe, fundi redio, aliinua uso kutoka kwenye sahani. "Jeupe."

"Nini jeupe?"

"Shati. Miaka yote unasema jeupe."

Mpiga Pasi alirudisha kijiko sahanini. "Labda," akasema, na hadithi ikamfia mdomoni.

Hakuna aliyeichukia hadithi ile kama Fundi, na hakuna aliyeijua kama yeye. Zamani, kabla hawajaoana, mkewe alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, chini kabisa, hakuna hata dirisha. Alasiri moja Chiriku, mwimbaji aliyependwa na wazee kwa watoto, alishuka ngazi mwenyewe, shati mkononi. Kifungo kilikuwa kimeng'oka na muda wa onyesho ulikuwa unakaribia. Alimkuta binti ameinamia pasi, hana habari, anaimba wimbo wa Chiriku huyo huyo, ila neno la mwisho analivuta mahali ambapo mwenyewe hulikata. Chiriku akaketi juu ya tenga la mashuka, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kumbe ndivyo ilivyotakiwa kuimbwa. Leo nitaimba kama wewe." Binti alishona kifungo. Jioni, akiwa amebanana na wapishi nyuma ya mlango wa jikoni, alilisikia neno lake likivutwa mbele ya ukumbi mzima.

Basi, ni hayo tu. Hakumwona tena. Lakini kila aliposimulia, uso wake ulichanua kwa namna ambayo Fundi hakuwahi kuiona ikichanua kwa ajili yake, hata siku ya harusi.

Kisha, miezi michache kabla ya ile siku ya shati la buluu, Chiriku akafa, na mambo yakawa mabaya zaidi. Redio zilipiga nyimbo zake asubuhi na jioni, na kazi ya Fundi ni redio. Kila aliyoifungua na kuiponya, jambo la kwanza ilimwimbia Chiriku. Nyumbani mkewe alikuwa analia. Mtu hai unaweza kumwendea, mkatazamana machoni, yakaisha. Maiti utamshitaki wapi?

"Mimi nikiumwa hulii hivi," alimwambia.

"Wewe ukiumwa unanifukuza chumbani."

"Nakuuliza jambo la maana."

"Na mimi nimekujibu," mkewe akasema, akampa mgongo.

Wivu ni kama moto wa pumba, huuoni ukiwaka, unaona tu lundo linabonyea. Fundi akawa analala akitazama ukuta.

Siku hizo mkewe alikuwa akipiga pasi nyumbani, kwenye chumba cha nyuma. Alasiri moja, siku chache baada ya lile shati kuwa la buluu, Fundi aliwahi kurudi, akasikia anazungumza na mtu. Alipoingia, mtu huyo alishaondoka. Kulikuwa na harufu ya kitambaa kilichoanza kuungua, na ndani yake harufu nyingine, tamu, kama ya maua yaliyokaa siku nyingi ndani ya maji bila kubadilishwa.

"Alikuwa nani?"

"Mteja mpya, anakuja tangu wiki iliyopita. Mama wa watu amefiwa, ameleta mashati ya marehemu."

Fundi aliyatazama yale mashati. Yalikuwa meupe yote, yanalingana, na kila moja lilikosa kifungo mahali pamoja.

"Anayataka ya nini, kama mwenyewe amekufa?"

"Sikumuuliza. Alitaka kusikia habari za Chiriku. Anasikiliza vizuri, yule mama. Hakatizi maneno kama wewe."

Usiku ule Fundi alimtega. "Hivi Chiriku alikaa wapi, ulipokuwa unashona?"

Mkewe alifikiri, paji la uso limekunjamana. "Alikaa?"

Fundi hakumkumbusha. Hapa ndipo kosa lake lilipoanzia, na alilijua likianza. Alielewa kwamba kila alichosimuliwa mgeni yule, mkewe alikuwa hanacho tena, na badala ya kuogopa, moyo wake ukapoa kama mtu aliyetolewa mwiba. Mwache aje, alijisemea. Mwache amalize.

Mgeni akaja tena na tena, kila alasiri, wakati jua limekaa juu ya bati na mtaa mzima umejilaza. Tenga likasahaulika, zikafuata ngazi, kisha mlango wa jikoni na wapishi wake. Lakini mgeni hakuchukua hadithi peke yake. Mpiga Pasi akaanza kuunguza nguo za watu, yeye ambaye hajawahi kuunguza hata leso. Sauti yake ikakauka, akawa ananong'ona. Kabati la nguo likawa linamumunya wimbo, taratibu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo, na ukilifungua unakuta nguo zimetulia na zina joto.

Siku moja, Fundi akiwa kibandani kwake, redio aliyokuwa ameitoa betri na spika na kuzitandaza mezani ilianza kuimba, na haikuwa sauti ya Chiriku wala ya mtu yeyote anayemjua, ilikuwa sauti ya mwanamke inayojaribu kulivuta lile neno la mwisho, inalivuta linakatika, inarudia linakatika, inarudia kwa hasira zaidi, mpaka redio zote za rafuni, nzima na mbovu, za wateja waliolipa na wasiolipa, zikaitikia kwa pamoja, na Fundi akatoka mbio bila kufunga kibanda, akakimbia hadi nyumbani, akapita ukumbini hadi mlango wa chumba cha nyuma uliokuwa wazi kidogo, akamwona mgeni ameketi amempa mgongo, shati jeupe mapajani, na mvuke wa pasi unapita katikati ya mwili wake kama unavyopita dirishani, na mbele yake mkewe anasogeza midomo bila kutoa sauti yoyote, kwa sababu maneno ya mkewe yalikuwa yanatoka kwenye kinywa cha mgeni.

Fundi alifumba macho, akaita jina la Mungu. Alipofumbua macho, chumbani alikuwepo mkewe tu, chini, na pasi inaunguza sakafu.

Wifi mtu ndiye aliyemleta mganga, mkunga mstaafu mwenye mafua, ambaye alipiga chafya mara nyingi kuliko alivyosema. Alimkalisha mgonjwa kwenye kiti, akamfunika shuka, akakaa mbele yake kama anayesubiri mtoto azaliwe.

"Wewe uliye humo," alisema. "Umemfuata nini mtoto wa watu?"

Midomo ya Mpiga Pasi ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nzuri, na uzuri wake uliwasimamisha nywele.

"Nimefuata changu. Chiriku alikuwa wangu tangu kijana. Kila sauti aliyoiimba nilimpa mimi. Moja tu hakuipata kwangu. Aliiokota kwenye chumba cha kufulia, kwa huyu, na hadi anakufa aliipenda kuliko zangu zote. Nataka nijue alimwambia nini. Anisimulie hadi mwisho, niondoke."

Mganga akapenga kamasi, akamgeukia Fundi. "Limebaki neno gani ambalo hajasimulia?"

"Alichoambiwa na Chiriku. Na lile neno lilivyoimbwa."

"Amelificha basi, maskini. Ndiyo maana linamkaba koo." Akamwinamia mgonjwa. "Mwanangu, unanisikia? Jini hili huchukua kile linachosimuliwa. Ukilisimulia, litakwenda, nawe hutakuwa nacho tena. Ukikataa nitalitoa kwa nguvu, itachukua siku nyingi, na utaumia. Lakini naweza. Sema wewe."

Chini ya shuka ilitoka sauti yake mwenyewe, nyembamba kama uzi. "Nitoe kwa nguvu. Hiki nimebaki nacho peke yake. Nitavumilia."

"Atakufa," Fundi alisema.

"Sijasema atakufa," mganga akajibu. "Nimesema ataumia."

"Kaka, subiri," dada yake akanong'ona.

Fundi hakusubiri. Baadaye aliwaambia watu kwamba alimwonea huruma mkewe, na ilikuwa kweli, lakini ukweli wote ni kwamba alisikia vile mkewe alivyosema "peke yake", na pumba zikawaka juu. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Alimwambia, kumbe ndivyo ilivyotakiwa kuimbwa. Alimwambia, leo nitaimba kama wewe. Na neno lenyewe aliliimba hivi." Na Fundi, ambaye hakuwahi kuimba hata bafuni, alilivuta lile neno jinsi alivyomsikia mkewe akilivuta miaka yote, bila kukosea.

Shuka liliinuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi ndefu, likashuka. Harufu ya maua ikatoka na kupotelea uani.

"Umetoa kisicho chako," mganga alisema, akikusanya vitu vyake. Hakutaka hata chai.

Mpiga Pasi akapona. Akala, akanenepa, nguo za watu zikanyooka. Redio ilipoimba Chiriku alisema tu, "Punguza hiyo kelele." Fundi alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Halafu, alasiri moja wakiwa wawili uani, mkewe akamtazama kwa muda mrefu, kwa adabu, kama unavyomtazama abiria mwenzako.

"Baba, nikuulize? Mimi na wewe tulikutana vipi?"

Fundi akacheka. Kabla kicheko hakijaisha, akaikumbuka siku ile. Mkewe alikuja kibandani kwake na redio mbovu, akamsihi aitengeneze siku ile ile, kwa kuwa jioni Chiriku angeimba. Alisubiri kwenye benchi hadi giza. Redio ilipopona wakasikiliza pamoja, na pale, wimbo ukiwa katikati, alimtazama Fundi kwa mara ya kwanza. Kama hakuna Chiriku, hakuna redio wala benchi.

"Sikumbuki kabisa," mkewe alisema. "Najua wewe ni mume wangu. Ila sijui nilikupendea nini. Nisimulie."

Fundi akafungua mdomo. "Ulikuja kibandani," akaanza, na pale pale akasikia, nyuma yake, kiti kikivutwa taratibu kusogezwa karibu, na mtu akiketi, na nguo zikitulia mapajani.

"Endelea," mkewe akasema. "Mbona umenyamaza?"

Mpaka leo hajamjibu.