Chati Isiyopigiwa Makofi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Darubini alifagia kibaraza kisha akamtungia mama yake uzi katika sindano ya cherehani. Mama yake alikuwa mshonaji, na kazi hiyo alikuwa amemwachia bintiye tangu alipojua kushika uzi. Binti aliifanya kwa namna yake mwenyewe: aligeuza uso pembeni, akalielekeza jicho la kulia kwenye tundu la sindano, na uzi ukapita bila kusitasita.

"Unaichungulia sindano kama kuku aliyeona punje," mama akamtania asubuhi hiyo.

"Lakini kuku hakosi kitu, Mama," akajibu, huku akiuchukua mkoba wake. "Leo sitaki kuchelewa. Watu wa macho wanakuja."

Jina la Darubini alipewa na wenzake wa darasa la sita. Ndiye aliyemtambua mwalimu wa zamu kutoka mbali, akawapa wenziwe wasaa wa kurudi vitini na kujifanya wanasoma. Alilipenda jina hilo. Jambo moja tu hakuwahi kulizungumza, kwa kuwa hakuliona kuwa ni jambo: jicho lake la kushoto halikuona ila ukungu. Alidhani ndivyo Mwenyezi Mungu alivyowaumba waja wake wote, wakawa na jicho la kazi na jicho la akiba.

Gari jeupe liliingia uwanjani wakati kengele ya kwanza inalia. Wakashuka watu wanne. Mshauri, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, ndiye aliyewafundisha walimu jana yake namna ya kupima macho ya wanafunzi. Alifuatwa na daktari wa macho, kisha mpima macho, kijana mwenye miwani na maneno mengi, na wa mwisho fundi miwani, mzee aliyebeba sanduku lake kifuani kama aliyebeba mayai. Mpima macho alishusha jicho la plastiki lenye ukubwa wa mpira wa miguu, linalofunguka katikati kama chungwa, na wanafunzi wakamiminika madirishani.

"Taratibu, jamani," akawaambia. "Hili halina kope. Mkilirushia vumbi litashindwa kupepesa."

Katika darasa la sita, mwalimu wa darasa alikuwa amekwisha kubandika chati ukutani. Haikuwa na herufi nyingine isipokuwa E, kubwa juu na ndogo chini, nyingine ikielekeza miguu yake juu, nyingine chini, kulia au kushoto. Anayepimwa husimama mbali, akaziba jicho moja kwa kiganja, akaonyesha kwa mkono upande ambao miguu ya herufi imeelekea.

"Sikilizeni," mwalimu akasema, uso ukimng'ara. "Wageni wetu watatuachia chati hii, kamba ya kupimia umbali, na beji ya mpimaji wa darasa. Mpimaji atawapima wadogo zenu wa madarasa ya chini. Beji nitampa atakayeonyesha herufi zote bila kukosea, tena upesi kuliko wenzake."

Sharti hilo halikutoka kwa wageni. Mwalimu alilitunga mwenyewe, kwa nia njema, maana mkono uliozoea kusahihisha mitihani huona mtihani kila mahali.

Darubini akanyoosha shingo aione. Beji ile ilikuwa ya buluu, na katikati yake pamechorwa jicho. Alijiona tayari mbele ya watoto wa darasa la kwanza, kamba mkononi, akiwapanga mstari.

Upimaji ukaanza. Mwalimu alisimama kando ya chati akigusa herufi kwa fimbo, mgongo ukiwa upande wa darasa. Aliyepatia alipigiwa makofi. Aliyekosea herufi moja alisindikizwa kwa mguno, akarudi kitini akiangalia viatu vyake. Baada ya miguno miwili hakukosea mtu tena.

"Achanisha vidole kidogo," mvulana aliyeitwa Mrefu alimnong'oneza Darubini walipokuwa kwenye mstari. "Kila mtu anafanya hivyo."

"Mimi sina haja," akajibu. "Wewe hujui jina langu?"

Wa mwisho kabisa, akasimama kwenye alama. Kwa jicho la kulia alionyesha herufi zote kwa kasi iliyowafanya wenzake wacheke kwa furaha. Ndipo alipoambiwa abadilishe mkono. Akaliziba la kulia, na chati ikayeyuka. Ilibaki karatasi nyeupe yenye madoa.

Aliwakumbuka wenzake waliomtangulia. Wote walikuwa wameonyesha herufi kwa macho yote mawili, moja baada ya jingine. Je, hakuna mwingine mwenye jicho la akiba?

"Tunakungoja, Darubini," mwalimu akasema bila kugeuka.

Vidole vyake viwili vikaachana. Herufi zikarudi zote, nyeusi na nadhifu. Juu, kulia, chini, kushoto. Makofi yakavuma darasani, na beji ya buluu ikabandikwa kifuani pake. Lakini alipokaa, aliona kana kwamba jicho lile lililochorwa linamtazama yeye.

Mshauri aliingia wakati makofi hayajatulia. Akayasoma matokeo, akayasoma tena.

"Mwalimu, darasa zima?"

"Zima. Wawili walikosa herufi mojamoja tu, hakuna aliyeanguka," mwalimu akajibu kwa fahari.

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," mama yule akasema taratibu. "Sijapata kuona darasa ambalo watoto wote wanaona sawasawa. Naomba tukae nao kidogo."

Akawaita wenzake. Daktari aliliweka jicho la plastiki mezani, akalifungua, akatoa lenzi yake na kuipitisha mikononi mwa wanafunzi. Darasa likachangamka. Aliwaonyesha mlango wa mwanga, ukuta wa nyuma ambapo picha hujengeka, na mshipa unaozipeleka habari kwenye ubongo.

"Jicho hupokea, ubongo ndio unaosoma," akasema. "Sasa, jicho moja likileta habari zenye ukungu kila siku, ubongo huchoka nalo. Huacha kulisikiliza, ukalisikiliza lile jingine peke yake. Sisi huliita jicho vivu, ingawa masikini halina uvivu wowote, limenyimwa kazi tu. Kwa mtoto, ubongo aghalabu huweza kufundishwa kulisikiliza tena. Miaka ikipita, kazi hiyo huwa ngumu, na pengine isifanikiwe."

Darubini aliishika beji yake. Akinyamaza, ni yake. Kesho atakuwa mbele ya watoto wa darasa la kwanza, na hakuna atakayejua. Na ukungu nao utakaa palepale, mpaka ubongo usahau kabisa. Mkono wake ukapanda kabla hajamaliza kuwaza.

"Daktari, kwani si kila mtu ana jicho la akiba?"

Darasa likaangua kicheko. Daktari hakucheka.

"La akiba ni lipi, mwanangu?"

"La kushoto." Akasimama wima. "Halioni. Leo nilichungulia kwa la kulia. Nilitaka beji." Akaibandua, akaiweka mezani kando ya jicho la plastiki.

Kicheko kikakatika.

"Kumbe jina lako ni sahihi kabisa," mpima macho akasema. "Darubini hutazamwa kwa jicho moja. Ila mtu si darubini. Njoo, tuone hilo jicho la pili limejificha wapi."

Wakatoka naye barazani, ambako wageni walikuwa wametundika chati nyingine, darasa zima likiwafuata. Safari hii jicho lake la kulia lilizibwa kwa kiganja cha daktari. Mpima macho akamvalisha fremu nzito ya chuma, akawa anatumbukiza lenzi moja, anaitoa, anatia nyingine.

"Hii au hii?"

"Ya pili."

"Na hii?"

Darubini akakaza jicho. Ndani ya ukungu, doa moja kubwa lilikuwa likichipua miguu. Mitatu.

"Inaelekea kulia," akasema polepole. Kisha, kwa sauti iliyopanda, "Daktari, naiona. Ile kubwa naiona kwa hili hili."

Mistari ya chini ilibaki ukungu. Daktari akamweleza kuwa lenzi ni mwanzo tu, kwamba mama yake atampeleka kliniki akapimwe kikamilifu, na kwamba huenda jicho la kulia likazibwa kwa saa kadhaa kila siku ili la kushoto lishike kazi. Fundi miwani alikuwa amekwisha kumpima upana wa uso, akimwuliza kama anapenda fremu nyekundu au ya kahawia.

Mwalimu aliwarudisha wanafunzi wake darasani, akasimama mbele yao.

"Mshauri alinionya jana kuwa hapa hakuna kufaulu wala kuanguka," akasema. "Mimi nikaleta makofi. Mliposikia makofi, mkatafuta makofi. Nani mwingine aliyechungulia?"

Mrefu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ikafuata mingine, mmoja baada ya mwingine, hata ukanyooka mkono wa mtoto ambaye hakuna aliyemshuku.

"Tunapima upya," mshauri akasema, uso ukimchangamka. "Na beji zitakuwa mbili. Moja ni ya anayegusa herufi, naye hamwoni anayepimwa. Tunahitaji mwingine wa kukitazama kiganja. Darubini, unaijua hila hii kuliko sisi sote. Utakubali?"

"Hata baada ya kudanganya?"

"Umesema kweli ilipokugharimu. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta."

Mchana ule darasa la sita lilikuwa na shangwe isiyo na makofi. Darubini alisimama kando ya kila mwenzake, macho kwenye vidole. "Funga mwanya huo," alisema. "Kiganja, ndugu yangu, si chanuo." Mwalimu aliishika mikono yake nyuma ya mgongo ili isimponyoke ikapiga makofi. Waliohitaji kupimwa tena wakajulikana, na kila mmoja alitoka nje akiwa na hamu ya kutiwa lenzi zile.

Miezi kadhaa baadaye, Darubini alikaa kliniki, miwani ya kahawia usoni, mama yake pembeni. Mama alikuwa mkali wa ratiba: kila alasiri aliliziba kwa kibandiko jicho la kulia la bintiye, kisha akampa sindano na uzi. Siku za kwanza uzi ulikosa tundu mpaka machozi yakamtoka. Mama hakumpokonya.

Daktari akaliziba la kulia. Darubini akaonyesha mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne alisita, akakosea, akasema mwenyewe, "Huu siuoni vizuri."

"Amefaulu, Daktari?" mama akauliza, roho juu.

"Mama, chati hii haitoi alama," daktari akajibu. "Kazi yake ni kutuambia msaada uende wapi. Ukiidanganya, unajinyima msaada mwenyewe. Binti yako ametuambia anapoishia, nasi tunajua pa kuanzia." Akamgeukia Darubini. "Alhamdulillahi, tumeshatoka mbali. Mkizidisha juhudi, tutaufikia na huo."

"Nipe sindano leo mapema, Mama," Darubini akasema.