Besi ya Jipu Lililofukuliwa

"Redio hii inalia kama mbu!" Eyvi, rafiki yangu wa kikosi cha uokoaji, alilalamika. Gari lenyewe, jipu kuukuu, alilinunua baada ya kufukuliwa kwenye theluji iliyoporomoka.

"Mwenye gari alifia humo, baba, wewe unawaza besi!" mkewe Dísa akamkemea.

Saa tisa alasiri, giza la Desemba la huku kaskazini ya mbali limeshatanda, Eyvi alisimama peke yake nyuma ya jipu akifunga spika kubwa na amplifaya. Betri alishaichomoa. Spika ikadunda mara tatu. Nyaya zake bado alikuwa amezishika mkononi, hazijaunganishwa popote.

Kikosini, anayegonga mara tatu chini ya theluji hujibiwa tatu, ajue amesikika. Mkono wa Eyvi ukagonga bodi ya jipu mara tatu, wenyewe, kwa mazoea.



Kisha mlango wa dereva ukafunguka taratibu, kutoka ndani.